Mama anasafishwa damu, dada yuko Goma: nashukuruje bila kuona namsaliti?

Binti_Mbagala:
Habari za usiku wakuu. Naomba ushauri, hasa kwa waliowahi kuuguza.

Ninaishi Mbagala na mume wangu, watoto wawili na mama mzazi mwenye miaka 67. Figo zake zilifeli mwaka juzi. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa tunatoka saa kumi na moja alfajiri awahi mashine, anakaa pale saa nne nzima, tukirudi analala hadi jioni. Ndizi, machungwa, madafu, vyote kaachishwa. Viazi navimenya, nachemsha, namwaga maji, nachemsha tena. Maji ya kunywa tunampimia kwa kikombe, na joto hili la Dar! Hayo nimeshayazoea.

Kinachonitesa ni dada yangu. Aliolewa Goma, mashariki mwa Kongo, mwaka 2009. Januari 2025 waasi wa M23 walipouingia mji, simu yake haikupatikana siku tano. Ya sita akapiga, akasema walilala chini sakafuni, watoto katikati, wakubwa pembeni. Benki za mji zikafungwa, uwanja wa ndege ukafungwa. Hela niliyomtumia, shemeji alivuka mpaka kwa miguu hadi Gisenyi, upande wa Rwanda, ndipo akaipata. Mama hajui hata nusu ya haya.

Sasa mama ana desturi yake. Kila usiku tukishakula, kila mtu ataje jambo moja analoshukuru kwa siku hiyo. Wajukuu wanaipenda sana. Ikifika zamu yangu nakabwa na koo. Juzi mvua ilinyesha, umeme haukukatika, mama alikula ugali na samaki akamaliza sahani. Nikafurahi kweli. Papo hapo nikamkumbuka dada nikaona aibu, kama nimekula cha kwake. Nikasema "nashukuru kwa yote", nikaenda kuosha vyombo. Mama akajikokota hadi jikoni: "Kwa yote ndiyo kwa lipi, mwanangu?" Sikuwa na jibu.

Na dada akipiga namficha kila jema. Nampa habari za ugonjwa tu, ili aone na sisi tunataabika. Nakosea wapi?

Mama Tunu:
Pole sana mwanangu. Nilimuuguza marehemu mume wangu miaka mitatu, nakuelewa. Mama kukufuata jikoni hakuwa anakupima imani. Mgonjwa wa muda mrefu hujiona mzigo. Alitaka akusikie ukisema umefurahi amemaliza samaki wake. Lile ndilo ungelitaja, hata machozi yakikutoka mezani. Watoto wakiona unalia na huku unashukuru hawatadhurika.

Msafiri wa Tandika:
Dada, mimi naona umwambie mama ukweli wa Goma. Huyo ni mzazi, anajua kuna jambo. Huwezi kumnyima dada yako dua ya mama kwa kuogopa.

Mama Tunu:
@Msafiri wa Tandika kaka, kwa presha ya mgonjwa wa figo? Aambiwe, lakini kidogo kidogo, na siyo usiku wa kuamkia siku ya mashine.

Nesi_Mstaafu:
Nimefanya kazi wodi ya figo. Kama mama ana fistula mkononi, yaani mishipa ya damu iliyounganishwa kwa upasuaji kwa ajili ya mashine, kila asubuhi wekeni vidole pale muusikie mtetemo. Ukipotea, msisubiri siku ya kliniki, nendeni hospitali saa ileile. Mkono huo asipimwe presha, asibebee mzigo. Nilikuwa nawaambia ndugu wa wagonjwa: mkiusikia, semeni alhamdulilahi au asante Yesu, kisha mkanywe chai. Kwa anayeuguza, pa kuanzia ni hapo.

Kivu_Nyumbani:
Dada, miye niko hapa Goma, Katindo. Nimesoma maneno yako nikalia. Vita tunaiona na macho yetu, haina haja mtu atuletee huzuni ingine ku simu. Ndugu yangu wa Nairobi akipiga anaanza na sauti ya matanga, nachoka kabisa. Miye nataka kusikia walipika nini, mtoto alipata pointi ngapi ku masomo. Mukinificha furaha yenu, ni kama mulishanizika. Na sisi huku tunashukuru pia, usizani hatushukuru. Siku bomba inatoa maji tunaitana na majirani wote, kila mtu na bidoni yake, tunacheka. Ambia dada yako ile samaki.

Binti_Mbagala:
Mrejesho. Nimechelewa kwa sababu Kivu_Nyumbani umeniliza siku mbili.

Mama nimemwambia. Siyo yote. Alinyamaza kitambo, akauliza majina ya watoto wa dada mmojammoja, kana kwamba anawahesabu, kisha akaniambia amejua tangu Februari, kwa jinsi ninavyotoka nje kila simu ikiita.

Jana dada akapiga, nikamweleza habari ya samaki. Akauliza: "Alikuwa sato au sangara?" Sato, nikamwambia, wa kukaanga. Akataka kujua niliweka ndimu au siki. Tumeongea samaki robo saa nzima, na mara ya mwisho kumsikia dada yangu akibishana hivyo siikumbuki.

Kisha mwanangu wa kiume, ana miaka sita, akaninyang'anya simu. Alikuwa ametoka kuweka sikio kwenye mkono wa bibi yake. Akamwambia: "Mama mkubwa, mkono wa bibi unavuma kama friji. Ni mzima."