Natafuta mikutano ya AA Mombasa, napata shule ya udereva

BintiKisauni: Assalaam alaykum. Kakangu amekubali kwenda AA, vile vikundi vya wanaosaidiana kuacha pombe. Anachokunywa ni mnazi, ile pombe ya mnazi, na sasa anaanza asubuhi mikono ikitetemeka. Nikitafuta "AA Mombasa" zinakuja habari za magari. Mikutano hupatikana vipi? Kuna ada? Na si mambo ya kanisa haya?

Pwani_Kavu: Waalaykum salaam dada. Hiyo ni AA ya magari, imewapotosha wengi. Andika jina zima, Alcoholics Anonymous Kenya. Njia fupi zaidi ni kupiga 1192, laini ya bure ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya: taja mtaa unaokaa, uulize mikutano iliyo karibu. Washauri wa vituo vya tiba nao huijua, maana ndiko wanakowaelekeza wanaomaliza matibabu.

Ukipata orodha usiiamini mpaka umepiga simu. Kikundi huhama, orodha ikabaki vile vile. Uliza: wiki hii mpo? Geti gani, chumba gani? Mkutano ni wa wazi au wa faragha? Wa faragha ni wa wenye tatizo la pombe tu, kwa hivyo wewe utabaki nje. Wa wazi mtaingia wote wawili. Mlinzi wa getini huenda hajui AA ni nini, kwa hivyo taja chumba.

Ada hakuna. Kikapu hupitishwa kulipia chumba na chai. Asiye na kitu hupitisha tu. Sharti ni moja, nia ya kuacha kunywa. Jina la kwanza latosha.

Nesi_wa_Zamu: Kabla ya mkutano, hiyo mikono. Anayekunywa asubuhi ili atulie, mwili wake umeshazoea pombe. Msimwambie aache ghafla Ijumaa ili Jumapili aende akiwa msafi! Jasho na mtetemeko huanza saa chache baada ya kikombe cha mwisho, degedege huja zaidi ndani ya siku 2 za kwanza, na kuchanganyikiwa na kuona visivyokuwepo kati ya siku ya 2 na ya 4. Hali hiyo huua. Aonwe hospitali kwanza; kwa kawaida hupewa diazepam kwa dozi inayopunguzwa kidogo kidogo, na vitamini B1. AA haina dawa wala daktari.

BintiKisauni: Ahsante nesi, kesho tutakwenda. Na la kanisa?

Pwani_Kavu: Mara nyingi chumba tu ndicho cha kanisa. AA haifungamani na dini yoyote. Hatua zake 12 husema Mungu "kama tulivyomwelewa". Mwishoni huenda wakasoma dua fupi, naye anaweza kunyamaza.

Akiona haya kwenda, ipo mikutano ya mtandaoni, ila chunga saa. Ikiandikwa 8 pm ya New York, kwetu ni saa tisa usiku, na kuanzia Novemba hadi Machi ni saa kumi alfajiri, kwa sababu wao hubadilisha saa. Hata ya hapa Mombasa, 6:30 pm ni saa kumi na mbili na nusu jioni. Kuna wanaofika saa sita u nusu mchana wakakuta kufuli.

Afike dakika kumi mapema, na asiondoke bila namba mbili tatu za simu za wenzake. Hamu ya pombe haingoji siku ya mkutano.

Nesi_wa_Zamu: Nawe dada uliza Al-Anon, ndiyo ya jamaa za wanywaji.