Mbaazi zaniishia saa tatu, na wateja wa saa tano ndio kwanza waingia

Bint_Majengo:
Assalaam alaykum jamani. Nina mkahawa mdogo hapa Majengo, Mombasa. Meza sita ndani, benchi moja nje. Ulikuwa wa mamangu, mimi nimeushika huu mwaka wa tatu. Chakula ni kile kile chake: mbaazi za nazi, mahamri, viazi karai, chai ya maziwa yenye iliki. Naamka kabla ya adhana ya alfajiri, na ikifika saa mbili wateja wangu wa siku zote, makuli, madereva wa matatu na maalim wawili wa madrasa, washakula wameondoka.

Mambo yameharibika Jumamosi na Jumapili. Kuna vijana, sijui picha waliziona wapi, waja kutoka Nyali na Bamburi saa nne, saa tano, wanne wanne, na wataka kukaa. Wao waiita "branchi", yaani chai ya asubuhi na chakula cha mchana kwa pamoja. Mpwa wangu anasema ninunue sahani nyeupe, nitie dania juu, niuze 250. Mimi sahani ya mbaazi ni 60, hamri 10.

Lakini saa tatu sufuria iko tupu. Nikipika nyingi zaidi, za mwisho zachacha ama tui lakatika, na mahamri yashakuwa mpira. Jumapili iliyopita msichana mmoja aliuma hamri, akalitazama, akaliweka chini polepole. Akamaliza chai, akalipa kila kitu, akanishukuru. Heri angenitukana.

Nipike mara mbili, ama niwaambie waamke mapema?

ShangaziWaLamu:
Wa alaykum salaam mwanangu. Kosa lako ni kutia tui zito sufuria nzima alfajiri. Kwa joto la Mombasa lingoje nini lisichache?

Mbaazi roweka usiku, chemsha zote pamoja mpaka ziive kabisa. Za alfajiri zitenge, uziunge kama kawaida. Zilizobaki ziache na maji yake na chumvi tu, bila nazi. Saa tatu na nusu ndipo uanze chungu cha pili: kitunguu, manjano, pilipili mbichi, tui jepesi, ziache zikolee. Tui zito mwisho, moto mdogo, na mkono usiache kukoroga mpaka litokote kidogo. Usifunike. Ukifunika litakatika, kisha uje hapa kulia tena.

Na nazi za chungu cha pili zikunwe saa hiyo hiyo. Tui la alfajiri uliloliweka chupani si tui tena.

Mpishi_wa_Harusi:
Kuhusu mahamri, nina swali kwanza: ukishayatoa kwenye mafuta wayaweka wapi? Kama ni ndoo ya plastiki yenye kifuniko, hapo ndipo yanapoharibikia. Yakifungiwa ya moto hutoa jasho, yakilowa kisha yakipoa ndio mpira huo. Weka kwenye kikapu, funika kwa kitambaa chepesi.

La pili, hata yakiwekwa vizuri, hamri la saa kumi na mbili haliwezi kuwa hamri la saa tano. Gawa unga. Nusu choma alfajiri, nusu tia kwenye friji ukiwa bado haujaumuka, utoe saa tatu. Na usukume usiwe mwembamba sana, hamri jembamba hukauka kabla mteja hajavuta kiti.

Mzee_wa_Supu_DSM:
Dada, huku Dar hao tunawaita watu wa chai ya saa nne, na hakuna anayewashangaa. Fundi, karani, bosi, ikifika saa nne anatafuta supu na chapati. Wageni wako hawajaleta jipya, wamebadilisha jina tu.

Ila kwenye bei usimsikilize mpwa. Kuli akisikia mbaazi zile zile zimekuwa 250 kwa sababu ya jani, humuoni tena, na atawaambia wenzake. Ukitaka hela ya wale wa Nyali, waongezee chakula kingine chenye bei yake, samaki wa kupaka kwa mfano. Sahani nyeupe nunua, kwani nani anachukia sahani safi?

Bint_Majengo:
Nimerudi. Jumapili nimefanya alivyosema Shangazi. Chungu cha pili kilikuwa tayari saa nne kasorobo, tui limetulia, mashaallah, mpaka saa sita kasoro kulikuwa na sahani za kuuza. Ndoo nimempa jirani afulie, alijuaje huyu mpishi wa harusi! Samaki wa kupaka nimepika watano kwa kujaribu, wakaisha wote, wawili nikiwa bado niko jikoni sijamwambia mtu bei.

Mbaazi ni 60 vile vile. Dania nilimwachia mpwa atie, ili moyo wake utulie. Kumbe kuli mmoja mzee siku hiyo alichelewa, akakaa katikati ya hao vijana, akaletewa sahani nyeupe. Akaita mkahawa mzima usikie: "Nani ameniwekea majani ya mbuzi?" Vijana walicheka mpaka mmoja akamwaga chai.

Mahamri bado. Unga niliutia friji saa kumi na mbili, saa tatu nikaukuta umepanda mpaka umetoka kwenye bakuli, na mahamri yakanuka hamira. Mpishi wa Harusi, kwa unga wa kilo mbili, huo wa friji nipunguze hamira kiasi gani?