MJADALA: "Dhow" ya wageni ni jahazi au ni dau?

Wadau, asalaam aleikum. Nalileta hili maana vibao vya pwani vinanichosha, kimoja kinasema "safari ya dau jua likizama", cha pili "safari ya jahazi", na chombo chenyewe ukikitazama ni mashua tu ya watu imetiwa mito na zulia.

Msimamo wangu nauweka mapema: dhow, hilo neno la Kiingereza la vyombo vyetu vya tanga, sio dau. Dau kwetu ni chombo kidogo kimechongoka omo na tezi, yaani mbele na nyuma, mvuvi anatoka nalo asubuhi anarudi na kitoweo. Mashua nyuma imekatwa bapa. Ngalawa ina ile miti ya pembeni isipinduke. Jahazi ndo lile kubwa la mzigo, lilokuwa likileta boriti kutoka Rufiji. Mtoto wa Nungwi aliyekulia miguuni mwa mafundi hawezi kuvichanganya hivi, anaevichanganya ni mtu wa ofisini.

Na hii fujo haikuanza jana. Karne ya 19 manowari za Uingereza zilikuwa zinasaka vyombo vya watumwa bahari yetu hii, na mkataba wa 1873 aliotia saini Sultan Barghash ukazidisha msako, sasa wao kila chenye tanga walikiandika dhow, liwe sambuku, liwe bedeni, liwe baghala, awe maskini wa watu na dema zake za samaki. Waarabu wenyewe kila chombo wanakiita kwa jina lake. Hata asili ya neno watu wanavutana, wapo wanaosema wazungu walilichukua kwetu, wapo wa Uajemi, wapo wa India, na kuna Mrusi wa karne ya 15, Afanasy Nikitin, alivuka kutoka Hormuz kwenda India akakiita chombo alichopanda "tava", basi wengine wanasema ndo neno hilihili.

Kwa hiyo waliolipa lile tamasha la filamu la Zanzibar jina la Tamasha la Nchi za Jahazi walifikiri, wangesema nchi za dau ningecheka mpaka kesho, dau lifike Muscat?! Hoja yangu ni kwamba Kamisheni ya Utalii isimamie, kila chombo kiandikwe jina lake kwenye kibao. Vijana ndo usiseme, dau kwao ni hela tu, klabu imepandisha dau, mchezaji kakataa dau. Nimemuuliza mmoja maana ya methali "dau la mnyonge haliendi joshi", yaani haliendi kuukabili upepo, ananambia maskini akibeti hashindi 😂

Mtu wa Wete: Sheikh umesema vizuri ila umejifunga mwenyewe. Hilo jahazi unalolishikia bango umelitoa wapi? Mhindi akisema jahaz ni meli yoyote, hata ya chuma, na ndege anaiita hawai jahaz, jahazi la hewani! Sie tumelichukua tukalibana likawa chombo cha tanga cha mzigo na hakuna aliyetushitaki. Sasa mzungu kachukua dau kalipanua, umekuja juu. Ama maneno yanatembea kwa wote au hayatembei kwa yeyote, chagua.

Kijana wa Malindi: Huyo aliyejibu maskini akibeti hashindi mbona kapatia 😂😂 Na nyie wazee mnaolichukia dau la hela humu mnaitana wadau, mdau ni nani kama sio mwenye dau lake kwenye jambo? Halafu tanga la mtepe, kile chombo cha kushonwa, zamani lilikuwa mkeka, leo dau linawekwa kwenye mkeka wa kubeti. Tumerudi kulekule

Bibi Harusi wa Zamani: Wanangu mnagombania majina, vyombo vyenyewe viko wapi? Mtepe, chombo cha kushonwa kwa kamba bila msumari hata mmoja, ulishakufa, ikabidi watu waunde wa mfano mwaka 2003 wakauweka Beit el Ajaib, lile jumba la makumbusho la Zanzibar, na sehemu ya jengo lenyewe ikaporomoka 25 Disemba 2020 ikaua watu. Mkishamaliza vibao mwende mkamuulize fundi mbao anapata wapi na mwanawe anataka kazi hiyo au anataka bodaboda.

Mleta mada: Bibi hilo nakubali ni kubwa zaidi, lifungulie mjadala wake tutakuja wote. Mtu wa Wete, sie tulilibana neno likapata kazi maalumu, mtu akisikia jahazi anajua boriti ngapi zinaingia. Mzungu kalipanua mpaka halikwambii kitu. Kubana na kupanua sio sawasawa, labda unioneshe faida yake.

Mwenye Chombo: Faida yake nakuonesha mie. Changu ni mashua, na kwa Kiswahili nimeandika mashua. Mgeni anakuja anauliza hii ni dhow? Mwanzo nilikuwa namuelezea kama ulivyoeleza wewe, omo, tezi, bapa, anasikiliza vizuri kabisa, anashukuru, kisha anakwenda kwa jirani yangu aliyemwambia ndio. Sasa hivi na mie nasema ndio. Hiyo Kamisheni ikija na sheria yako ije na mafuta ya mashine pia.