Safari ya meli kwenda ncha za dunia: tuchague vipi bila kuiumiza barafu tunayoifuata?

Msomaji wa Ramani aliuliza:

Habari zenu wanajukwaa. Mama yangu alifundisha jiografia kwa miaka 34, na muda wote huo alikuwa akiichora Antaktika ubaoni kwa chaki bila kuwahi kuiona kwa macho. Mwakani anatimiza miaka 70. Mimi na ndugu zangu tumechanga fedha ili tumpeleke kwa meli ya kitalii, ama kwenye Rasi ya Antaktika, ama upande wa kaskazini katika visiwa vya Svalbard vya Norwei.

Kinachonisumbua ni kwamba kila kampuni niliyoiangalia inajiita rafiki wa mazingira, na maelezo yao yanafanana kiasi kwamba sioni tofauti ya yule anayejali kweli na yule anayejitangaza tu. Sitaki tuchangie kuyeyusha kile kile ambacho Mama ametumia maisha yake kuwafundisha watoto wa watu wakiheshimu. Je, meli ndogo ni bora kuliko kubwa? Aina ya mafuta ina uzito gani? Na zile fedha za kufidia hewa ukaa, kama kwa kupanda miti, zinafidia kitu kweli? Nawaomba wenye uzoefu mnisaidie, hata kama jibu lenu ni kwamba tusiende.

Boti ya Mpira alijibu:

Ndugu, mpe Mama shikamoo yangu. Nimefanya kazi ya kuongoza wageni kwenye boti za mpira upande wa Antaktika kwa misimu sita, kwa hiyo nitazungumzia yale yanayotokea pale mguu unapogusa nchi kavu, na mengine nitawaachia wanaoyajua zaidi.

Kanuni ya kwanza ya kuijua ni ya idadi. Karibu kampuni zote zinazopeleka wageni huko ni wanachama wa IAATO, chama cha kampuni za utalii wa Antaktika kilichoanzishwa mwaka 1991, na kwa kanuni zake meli yenye abiria zaidi ya 500 hairuhusiwi kumshusha mtu yeyote. Wageni wake huitazama barafu wakiwa juu ya sitaha na kuondoka. Meli yenye abiria wachache inaweza kushusha, lakini watu wasizidi 100 kwa wakati mmoja mahali pamoja, kukiwa na kiongozi angalau mmoja kwa kila wageni 20. Hesabu mwenyewe maana yake: meli ya watu 400 italazimika kuwapeleka kwa zamu, na Mama atakaa nje saa moja hivi kisha arudi ndani kuwapisha wengine. Meli ya watu 100 au pungufu huwapa wote nafasi bila kukimbizana, na kiongozi asiye na haraka ndiye anayeweza kumwambia mgeni, kwa upole, kwamba amesimama katikati ya njia ya pengwini.

Hilo la njia si jambo dogo. Pengwini hupita mahali pamoja kila siku wakienda baharini na kurudi, mpaka theluji inakuwa na mfereji uliokanyagwa vizuri. Mtu mzima akipita kwenye theluji laini, mguu huzama hadi gotini na kuacha shimo refu. Pengwini mwenye kimo cha sentimita 70 akitumbukia humo, anaweza kushindwa kutoka. Ndiyo maana sisi viongozi hubaki nyuma na makoleo, tunafukia shimo moja baada ya jingine kabla ya boti ya mwisho kuondoka. Ukiwa unaongea na kampuni, waulize nani hufukia mashimo. Anayeifanya kazi hii atalielewa swali lako mara moja.

La pili ni mbegu na viini. Kwenye Kisiwa cha King George, karibu na rasi, tayari kuna majani ya kigeni yanayoitwa kitaalamu Poa annua, yaliyofika kwa sababu ya shughuli za binadamu, na kuyaondoa kumekuwa kazi ya miaka. Tangu mwishoni mwa 2023 pia kuna mafua ya ndege aina ya H5N1, yaliyogunduliwa kwanza kwenye kisiwa cha Georgia Kusini na baadaye, mapema 2024, kwenye rasi yenyewe. Kwa sababu hiyo, kabla ya kushuka kwa mara ya kwanza, kila mgeni huleta nguo zake za nje, mabegi na viatu, navyo hupitiwa kwa kifyonza vumbi, brashi na kibanio. Mahali mbegu hupenda kujificha ni kwenye ule utepe wa kunata wa mikono ya koti na chini kabisa ya mifuko. Nimewahi kutoa mbegu 11 kwenye koti moja ambalo mwenyewe aliapa ni jipya. Baada ya hapo viatu huoshwa kwa dawa kila unapotoka na kila unaporudi, na siku hizi huruhusiwi kukaa chini, kupiga magoti wala kuweka begi ardhini karibu na wanyama. Kama magoti ya Mama yanamsumbua na anahitaji kupumzika mara kwa mara, liseme hilo mapema ili wawe na mpango.

Swali jingine la kuuliza: kibali chenu kimetolewa na nchi gani? Chini ya itifaki ya mazingira iliyosainiwa Madrid mwaka 1991, safari ya kwenda huko hutakiwa kufanyiwa tathmini ya athari kwa mazingira kupitia nchi mwanachama wa Mkataba wa Antaktika. Kampuni makini itakutajia nchi hiyo bila kuzunguka.

Chumba cha Injini alijibu:

Aliyetangulia ameeleza vizuri mambo ya nchi kavu. Naomba niseme wazi, bila kumvunja moyo mwuliza swali, kwamba sehemu kubwa ya madhara haipo pale kwenye theluji, bali ipo kwenye bomba la moshi, la meli na la ndege inayokupeleka bandarini. Unaweza kuosha viatu mara 20 na bado hesabu ya hewa ukaa isiguswe hata kidogo. Makadirio ya watafiti huweka safari ya kawaida ya Antaktika, pamoja na ndege, kwenye tani 5 hivi za hewa ukaa kwa abiria mmoja, kiasi ambacho hakipungui kile ambacho binadamu wa wastani duniani husababisha kwa mwaka mzima.

Kisha kuna masizi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulikadiria kwamba kila mgeni aliyefika huko kati ya 2016 na 2020 alisababisha, kwa wastani, tani 83 za theluji ziyeyuke kabla ya wakati wake, kwa sababu chembe nyeusi zinazotua kwenye theluji hunyonya joto la jua ambalo weupe wake ungelirudisha angani. Kwa msimu mmoja sasa hufika zaidi ya watu 100,000. Zidisha.

Kuhusu mafuta: kusini mwa latitudo 60, mafuta mazito yamepigwa marufuku tangu Agosti 2011, hata kuyabeba tu, kwa hiyo kampuni inayojisifu kwamba ikiwa Antaktika haitumii mafuta mazito inajisifia kutii sheria. Kaskazini hali ni dhaifu zaidi. Marufuku ya Aktiki ilianza Julai 2024, lakini kuna misamaha inayoweza kuendelea hadi 2029. Svalbard yenyewe imejiwekea ukali wake kuanzia 2022.

Meli zenye betri zipo, na ni hatua nzuri, ila uliza betri inaendesha meli kwa muda gani. Mara nyingi kazi yake ni kusawazisha mzigo wa injini na kuiwezesha meli kutulia kwa muda mfupi bila moshi. Haiwezi kuvusha meli Mlangobahari wa Drake, kati ya Amerika Kusini na Antaktika, ambao huchukua siku mbili hivi. Gesi asilia iliyopozwa hadi kuwa kimiminika hupunguza masizi sana, lakini sehemu ya methani hupita kwenye injini bila kuungua, na methani hiyo, ikipimwa kwa miaka 20, hupasha dunia joto zaidi ya mara 80 kuliko hewa ukaa ya uzito ule ule.

Kitu ambacho vipeperushi havikitaji, na ambacho ningekipa uzito wa kwanza, ni mwendo. Nguvu inayohitajika kusukuma meli hupanda karibu kwa kipeo cha tatu cha kasi. Ukipunguza kasi kwa asilimia 10 tu, kwa umbali ule ule unaokoa takriban moja ya tano ya mafuta. Ratiba inayoahidi kuona maeneo mengi kwa siku chache ni ratiba ya meli inayokimbia usiku kucha. Mwendo wa polepole pia huwapa nyangumi nafasi ya kuepa.

Meli ndogo au kubwa? Hapa sina jibu jepesi. Meli ndogo huchoma mafuta mengi zaidi kwa kila kichwa, na ndiyo inayoshusha watu mara nyingi. Lakini meli kubwa ikipata ajali, hakuna msaada wa karibu. Kumbukeni meli ya Explorer, iliyotobolewa na barafu tarehe 23 Novemba 2007 karibu na Kisiwa cha King George. Watu wote 154 waliokolewa kwa sababu meli nyingine zilikuwa jirani na bahari ilikuwa imetulia, ila meli yenyewe ilizama na dizeli yake. Sijui ningelala vipi kama ningefikiria jambo hilo hilo likiwapata watu 3,000. Kwa hiyo mimi naegemea meli ya kati, yenye abiria 100 hadi 200, iliyojaa kweli na inayokwenda taratibu. Nusu tupu ni hasara kwa kila mtu.

Kaskazi alijibu:

Nami niongeze la Svalbard, kwa kuwa limetajwa. Tangu tarehe 1 Januari 2025, meli inayoingia kwenye maeneo ya hifadhi haiwezi kubeba abiria zaidi ya 200, na ndani ya maeneo hayo wageni hushushwa katika sehemu 43 tu zilizotajwa. Dubu mweupe haruhusiwi kusogelewa chini ya mita 300, na kuanzia Machi hadi mwisho wa Juni umbali huo huwa mita 500. Baadhi ya kampuni zimelalamika, kwa sababu mgeni anataka picha ya karibu. Mimi naona sheria hii ndiyo iliyonirahisishia uchaguzi: nani anatii, na nani anatafuta upenyo.

Tofauti kubwa ya kaskazini na kusini ni kwamba kwingi katika Aktiki kuna wenyewe. Ukienda Greenland au Nunavut, kaskazini mwa Kanada, unaingia kwa watu. Kijiji cha watu mia chache kikishukiwa na wageni 200 kwa asubuhi moja, wanaopiga picha madirishani na kuondoka bila kununua hata kitambaa kilichofumwa pale, hiyo ni ziara au ni uvamizi? Uliza kampuni kama kijiji kiliombwa ruhusa na kama kiongozi mwenyeji hulipwa.

Kuhusu fidia ya hewa ukaa, maoni yangu ni kwamba mti unaopandwa leo utachukua miongo kuirudisha hewa iliyotolewa ndani ya siku kumi, tena iwapo hautakatwa wala kuungua. Toeni fedha hizo kama sadaka kwa utafiti au kwa hifadhi, msizihesabu kuwa zimefuta deni.

Boti ya Mpira aliongeza:

Nakubaliana na fundi kuhusu bomba la moshi, na imenichukua muda kulikubali, kwa sababu ni riziki yangu. Kazini tunaambiwa kwamba mgeni akirudi nyumbani huwa balozi wa Antaktika. Nimewaona wachache waliokuwa hivyo kweli. Wengi nimewasikia siku ya mwisho, mezani, wakipanga safari ya ndege inayofuata. Ndiyo maana ushauri wangu ni huu: kama mtakwenda, nendeni mara moja, mkae siku nyingi, msiunganishe na safari nyingine tatu za ndege, na mchague ncha moja.

Msomaji wa Ramani alirudi:

Nawashukuru sana nyote. Nilimsomea Mama majibu haya jioni, neno kwa neno, naye akanisimamisha kwenye zile tani 83 akataka tukokotoe: theluji mbichi ya uzito huo ingejaza vyumba vingapi vya darasa lake. Alinyamaza muda mrefu. Nilidhani atasema tuache.

Badala yake aliandika mwenyewe maswali sita kwa mkono, tukayatuma kwa kampuni tatu: kasi ya safari, mafuta yanayochomwa kwa abiria mmoja, nafasi zinazobaki wazi, nchi iliyotoa kibali, nani hufukia mashimo, na kama mtu mwenye magoti mabovu anaweza kubeba kiti chake. Mbili zilitujibu kwa kututumia tena kipeperushi. Ya tatu, yenye abiria 170, ilijibu yote kwa tarakimu, ikakiri kwamba betri yao hudumu chini ya saa moja, na ikatuambia kwamba kiti hakiruhusiwi ufukweni ila Mama anaweza kubaki kwenye boti ya mpira akizungushwa ghubani. Amesema hilo linamtosha.

Tumeahirisha kwa msimu mmoja ili tupate safari ndefu iendayo polepole, na ile safari ya ndege ya familia tuliyokuwa tumeipanga mwaka huo tumeifuta. Mama ameshatoa viatu vyake vya kutembelea, amekaa navyo barazani akichokonoa soli kwa kibanio, na kila mbegu anayoipata anaiweka kwenye bahasha na kuiandikia jina.