Ovadrafti ya mwanafunzi Uingereza, amalize chuo au aongeze muda kwanza?

MamaChumbageni: Wakuu habari za jioni, niko Tanga hapa, mtoto wa dada yangu kakulia Uingereza anamaliza chuo mwezi wa saba, sasa kanitumia picha ya akaunti yake ina alama ya kutoa mbele, pauni 1,500, anasema ni ovadrafti ya wanafunzi, yaani benki inamruhusu kutoa hela zaidi ya alizonazo, haina riba, mi nauliza akishahitimu si wataanza kumkata? Aongeze muda wa hiyo ovadrafti sasa hivi au asubiri?

Kijana_Ngamiani: Asisubiri mama. Aulize benki mapema tarehe akaunti ya mwanafunzi inapoisha, maana benki nyingi kule humhamishia mhitimu kwenye akaunti ya wahitimu, riba bado sifuri ila kiwango cha hela anachoruhusiwa kukopa bila riba kinashuka kila mwaka, kwa kawaida miaka miwili mitatu hivi. Akizidisha kiwango au muda ukiisha anaingia ovadrafti ya kawaida na hiyo riba yake inafika karibu asilimia 40 kwa mwaka, hapo ndo kwenye maumivu.

MamaChumbageni: Asilimia 40?! Mungu wangu. Asante sana mwanangu, leo usiku nampigia.

Bi_Raskazone: Na umwambie aombe hayo masharti kwa maandishi, mwanangu, asitegemee maneno ya kwenye simu tu, halafu aanze kupunguza kidogo kidogo kila mwezi akipata kazi hata ya muda. Hilo ni deni jamani, sio hela yake, na benki ina haki kuidai muda wowote.