Pawaso ya kazi nzito: MS 382, Husqvarna 372, 070 ya mtumba au ya Kichina?

Kuni za Kinoo
Wadau, hamjambo. Niko Kinoo, nauzia kuni shule na vibanda vya chakula upande wa Kikuyu na Dagoretti. Miaka mitatu nimekuwa nakodi pawaso (msumeno wa injini) pamoja na mwenyewe, na nimechoka. Mtu anakuahidi saa moja asubuhi, anatokea saa tano, na dereva wa lori ananihesabia kila dakika. Nataka yangu.

Kazi yenyewe ni mikaratusi, kuanzia unene wa paja hadi wa pipa, na miwati kidogo. Mara moja moja mwenye shamba ananiambia nimpasulie mbao palepale kabla sijabeba matawi. Nimeweka laki moja na kitu. Nimezunguka Kirinyaga Road na Industrial Area siku mbili, nikarudi nimechanganyikiwa kuliko nilivyoenda. Niko kati ya Stihl MS 382 mpya, Husqvarna 372 XP mpya, Stihl 070 kuukuu ambayo jamaa wa Limuru anaiuza, na ile ya Kichina iliyoandikwa cc 58 ambayo kwa pesa hii nanunua nne na nauli inabaki. Mngekuwa mimi mngechukua ipi?

Fundi Plagi
Karibu jukwaani, kaka. Natengeneza hizi mashine Kariobangi, kwa hivyo nakwambia ninachokiona mezani, sio kilichoandikwa kwenye boksi.

382 na 372 ni mapacha wa mama tofauti. 382 ni cc 72.2, kilowati 3.9, kilo 6.2 bila upanga (ule ubapa ambao cheni inauzunguka) na cheni. 372 ni cc 70.7 na nguvu yake ni hiyohiyo, kilowati 4 hivi. Ukifungwa macho ukapewa moja baada ya nyingine utajua tofauti kwa mtetemo tu. Mimi naona 372 haitetemeshi mkono sana kama mwenzake, na hilo utalisikia saa kumi jioni. Kwa kuni za mkaratusi zote mbili zinatosha na zaidi.

Basi usichague kwa jina. Jiulize: Ijumaa jioni sproketi ikiisha meno, au pampu ya oili ikigoma, spea nitaipata wapi kabla ya Jumatatu? Mimi spea za 382 napata kwa kutembea dakika kumi. Za 372 napata pia, ila mara nyingine naambiwa nirudi kesho. Hapo ndipo ninapoipa 382 kura yangu, wala sio kwa sababu nyingine.

Halafu kuna ya tano ambayo hukuitaja na ndiyo itakayokutafuta wewe: 382 feki. Rangi ileile, herufi zilezile, bei nusu. Angalia kama ina namba ya mashine iliyogongwa kwenye chuma chenyewe, sio ya kibandiko. Angalia na cheni: ya kweli ina jina limegongwa kwenye vipande vyake. Muuzaji akikukataza kuiwasha dukani, sema asante na uondoke.

Tupa na Cheni
Fundi ameongea vizuri lakini ameiruka 070, na mimi hiyo ndiyo imenilisha ugali miaka tisa. Cc 106, kilowati 4.8. Haina haraka, inazunguka polepole lakini ukiiingiza kwenye gogo la mti mkubwa inakwenda tu kama ng'ombe wa kulima. Kupasua mbao shambani hakuna kingine. Muulize mpasuaji yeyote kuanzia Limuru hadi Njabini.

Fundi Plagi
Mzee, sijaiponda. Lakini mwenzetu anakata kuni. 070 ina zaidi ya kilo 10 kabla hujaiwekea upanga. Kuipasulia gogo lililolala chini ni sawa, uzito unakusaidia. Kuibeba kutwa nzima ukikata vipande vya futi mbili mbili, kesho yake utaamka ukitafuta mgongo wako. Na nyingi zilizopita mikononi mwangu hazina breki ya cheni. Pua ya upanga ikigusa tawi usiloliona, mashine inaruka kuelekea usoni, na hakuna cha kuisimamisha.

Tupa na Cheni
Kweli kuhusu breki. Sibishani.

Mama Mbao
Mimi nanunua mbao kwa wapasuaji na kuziuza Gikomba, kwa hivyo naingia kwa upande wa mbao tu. Mambo ya kuni mtaelewana wenyewe.

Mwanangu, kabla hujaahidi mtu kumpasulia mti wake, piga hesabu ya vumbi. Cheni ya 070 inakula milimita 9 hivi kila inapopita, bado mkono unaotikisika. Chukua gogo lililochongwa pande zote likabaki inchi 12. Ukilipasua mbao za inchi moja kwa pawaso unatoa tisa. Likipelekwa kwenye mashine ya bendi (msumeno wa utepe mwembamba), ambayo inakula milimita 2, zinatoka kumi na moja. Mbao mbili zimegeuka vumbi, na mwenye mti hajui. Ndiyo maana mbao za pawaso mimi nanunua kwa bei ya chini, halafu ninyi mnasema Mama Mbao ni mkali. Zinakuja upande mmoja nene, upande mwingine nyembamba kama chapati, fundi seremala ananirudishia.

Mti ukiwa kwenye bonde ambako trekta haifiki, sawa, pasua. Ukiwa kando ya barabara, uza gogo zima.

Kuni za Kinoo
Asante Mama. Hiyo hesabu sijawahi kuambiwa na mpasuaji hata mmoja, na sasa naelewa kwa nini.

Mvinje wa Pwani
Nami nina langu, japo niko Kilifi. Yangu niliinunua huko Nairobi mwaka juzi. Fundi akanirekebishia kabureta pale pale, ikawa yalia kama nyuki, raha tupu. Nikaipakia kwenye basi hadi nyumbani, nikaanza kuangusha mivinje. Siku ya tatu ikakaza, kamba haivutiki hata kwa watu wawili. Kuifungua, pistoni imekwaruzika upande mzima. Oili nilichanganya sawasawa, naapa. Hadi leo sijui nilikosea wapi.

Fundi Plagi
Hukukosea wewe, ndugu yangu. Alikosea aliyekurekebishia bila kukuuliza unaipeleka wapi.

Ngoja niieleze hii vizuri maana inaua mashine nyingi. Nairobi iko juu ya bahari kwa karibu mita 1,700, Limuru inapita mita 2,200. Huku hewa ni nyepesi. Mashine ikipata petroli kipimo kilekile na hewa pungufu, inakuwa na mafuta mengi kupita hewa: inatoa moshi, inavuta kwa uzito, plagi inakuwa nyeusi. Kwa hivyo fundi anaibana ile skrubu ya H ili petroli ipungue, na inaamka. Sasa ichukue hivyohivyo uishushe baharini. Hewa ya huko ni nzito, petroli bado imebanwa. Na katika injini hizi oili inasafiri ndani ya petroli. Petroli ikipungua, oili imepungua. Pistoni inapata joto, inajikwaruza, kwisha. Mlio ule mtamu wa nyuki uliousikia ulikuwa ndio kilio chenyewe. Ungeifungua H kidogo ulipofika Kilifi ungekuwa nayo hadi leo.

Mashine mpya zenye kabureta ya kompyuta, Stihl wanaiita M-Tronic na Husqvarna AutoTune, zinajipima zenyewe. Ni nzuri, ila ikiharibika mimi na bisibisi yangu hatukusaidii.

Na Kinoo, kwa kuwa uko juu, jua pia kwamba kilowati za kwenye boksi hutazipata zote. Hesabu ya mafundi ni kupoteza kama asilimia 10 kwa kila mita 1,000 unayopanda. Ile 382 ya 3.9 ukiwa Limuru inafanya kazi kama ya 3 na kidogo. Ndiyo maana nakuambia usishuke chini ya cc 65, na hiyo ya Kichina isahau.

Mvinje wa Pwani
Lo! Na yule fundi nilimpa hata pesa ya soda.

Kivuli cha Jakaranda
Nitaitetea ya Kichina kidogo kabla haijazikwa. Mimi napunguza matawi na kuondoa miti kwenye nyua za Lavington na Kileleshwa. Ya Kichina ninayo, ni ya mwaka wa pili, iko hai. Lakini inafanya kazi saa moja, inapumzika, na haikati kitu kinene kuliko mguu wangu. Rafiki yangu alichukua kama hiyo akaenda nayo kukata mikaratusi ya stima, nguzo zile, haikumaliza msimu. Kwanza boliti zinalegea zenyewe, halafu klachi, halafu unakuta spea ya hii haiingii kwenye ile ingawa zimetoka boksi moja.

Kwa kazi za mtaani siku hizi natumia ya betri. Majirani hawaji getini kupiga kelele, na mashine ya petroli inapita desibeli 100, masikio yangu yalikuwa yameanza kulia usiku. Kwa kuni za lori haifai, betri itakuacha kabla ya saa nne asubuhi.

Tupa na Cheni
Kijana, chochote utakachonunua, kitu kinachokata ni cheni, injini inaisukuma tu. Nimeona watu na 382 mpya wanatoa unga kama wa mahindi badala ya vipande. Cheni butu hiyo. Wanasukuma, mashine inapata moto, wanasema imeharibika.

Nunua tupa ya mviringo ya saizi ya cheni yako. Cheni ya 3/8 (saizi yake kwa inchi) ya Stihl ni tupa ya milimita 5.2, watu wengine wanatumia 5.5, hiyo ya .404 ya kwenye 070 ni 5.5. Kukata kuni, shika tupa nyuzi 30. Kupasua mbao kwa urefu wa mti, shuka hadi nyuzi 10, la sivyo utasukuma mpaka Krismasi. Tupa inasukumwa kwenda mbele tu, hairudishwi kama kisu cha mkate. Hesabu mapigo, kila jino sawa na mwenzake, ama cheni itakata ikipinda. Na kile kijino kifupi kilicho mbele ya jino la kukata usikisahau, kikibaki kirefu cheni haiumi. Lakini ukikishusha sana inauma kama mbwa na kurusha. Milimita 0.65 chini ya jino inatosha.

Mimi nanoa kila nikijaza petroli. Na gogo lililoburutwa kwenye udongo nalikwangua maganda kwanza kwa panga. Mchanga kidogo tu na kazi ya tupa ya asubuhi yote imeenda.

Kuni za Kinoo
Na oili ya cheni? Wengi huku wanatia oili chafu ya magari.

Fundi Plagi
Usifanye hivyo. Ina vumbi la chuma, inaziba pampu na kula upanga. Na unairushia ngozi na mapafu kutwa nzima.

Tupa na Cheni
Miaka tisa natia oili chafu, nachuja na kitambaa. Pampu iko salama.

Fundi Plagi
Mzee, pampu ya 070 inanyonya hata uji. Ya 382 sio hivyo.

Mama Mbao
Na mnunuzi wangu mmoja alirudisha mbao za kitanda kwa harufu ya gereji. Niliyasikia haya kwa masikio yangu.

Tupa na Cheni
Basi nimezidiwa kura. Nitaendelea kimyakimya.

Kivuli cha Jakaranda
Mkaratusi mrefu ulioinama uogope. Ukikata kutoka nyuma tu, unapasuka kwenda juu kwa urefu na lile bapa linakuja kifuani. Toa kipande cha mdomo mbele kwanza, upande utakakoangukia, na uwe na kabari za mbao au plastiki. Za chuma zikigusana na cheni utalia. Helmeti yenye wavu, viatu vigumu, na ile suruali yenye nyuzi za kukaba cheni. Najua ni bei. Nina kovu kwenye goti la kushoto ambalo lingenunua tatu.

Mama Mbao
Pia kibali. Marufuku ya Februari 2018 iliyofunga misitu ya umma iliwafanya watu wengi wakimbilie miti ya mashambani, na askari wa misitu wakawa barabarani kila kona. Hata mti wa shamba la mtu, pitia ofisi ya KFS (shirika la misitu la Kenya) uulize karatasi za kukata na kusafirisha kabla lori halijawasha. Nimeona mzigo ukilala kituoni siku nne, kuni zimenyeshewa.

Kuni za Kinoo
Nimerudi na jibu. Leo nimechukua 382 na upanga wa inchi 20. Mwenye duka aliniwashia, namba nimeiona imegongwa kwenye chuma. Tupa mbili za 5.2, cheni ya akiba moja, suruali bado nasubiri shule ilipe. 070 ya Limuru nimemwambia mwenyewe nitaikodi mti mkubwa ukija, na nikamtajia hesabu ya Mama Mbao, akacheka akasema hiyo siri ingebaki kwetu.

Swali la mwisho: petroli nachanganya vipi?

Fundi Plagi
Ukiwa na oili ya 2T (ya injini za mipigo miwili) ya Stihl wenyewe, mililita 20 kwa lita moja, yaani galoni ya lita 5 inachukua 100. Oili nyingine ya 2T, weka 40 kwa lita. Tikisa kabla ya kumimina, na usichanganye ya mwezi mzima, ichanganye ya wiki. Matangi ya kwanza mawili matatu usiivute hadi mwisho ikiwa tupu hewani. Na ukimaliza mti wa kwanza, zima, ngoja ipoe, ukaze cheni. Mpya hurefuka, ikichomoka itakupiga mkono.