Naomba ushauri: "petroli kidogo iwezekanavyo" naiandikaje kwenye spesifikesheni?

Fundi_Kasarani: Wadau, silali. Naandika spesifikesheni rasmi (maelezo ya kihisabati ya kile programu inachotakiwa kufanya) ya programu ya kuwagawia wanaboda mizigo hapa Nairobi. Masharti yako sawa, lakini mteja anataka petroli itumike kidogo iwezekanavyo. Hilo nalo ni sharti, au niwaachie watakaoandika programu?

BabaZuri: Kijana, mambo ya spesifikesheni ni ya wenye muda. Sisi tulikuwa tunachora kwenye karatasi ya nyama, mfumo unasimama.

Mantiki_Tu: Sharti hutimia au halitimii. "Kidogo kuliko zote" ni kudai kwamba hakuna mgao mwingine halali ulio nafuu zaidi, kwa hiyo unaizungumzia migao yote kwa pamoja. Alloy ya kawaida (chombo cha kukagua spesifikesheni) hukwama hapo. Z3 (programu ya kutafuta majibu yanayotimiza masharti) ina amri ya kupunguza. Lakini masharti yapi ni ya lazima na yapi ni laini, yaani yanaweza kuvunjwa kwa adhabu? Hujasema.

Fundi_Kasarani: Z3 nilishahamia. Laini ni moja tu.

Mantiki_Tu: Lipi?

Fundi_Kasarani: Mapumziko ya wanaboda. Nimelipatia uzito 1, yaani adhabu ndogo likivunjwa. Nikilifanya la lazima, jibu ni "hakuna suluhisho": mizigo 60, watu 4. Mteja hataki kuona jibu hilo, na tumeshasaini. Mngefanyaje nyinyi?

Nyaboke_K: Kaka yangu ni mwanaboda. Juzi alirudi kutoka Ruiru, akalala mezani na helmeti kichwani, ugali haujaguswa. Uzito 1?

Mjuaji254: Hii ni kazi ya chuo, jamaa anataka tumfanyie. 60 kwa 4, hesabu imenyooka mno.

BabaZuri: Hata mimi nilishuku.

Fundi_Kasarani: Natamani ingekuwa ya chuo. Mgao wa jana, mtu wa tatu: Rongai, Kitengela, Ruiru, kisha Rongai tena. Saa kumi na nne bila kushuka kwenye pikipiki. Sahihi pale chini ni yangu.

Mantiki_Tu: Basi "hakuna suluhisho" ndilo jibu lenyewe, usilifiche. Rudisha mapumziko yawe ya lazima, idadi ya watu iwe huru. Lengo la kwanza: watu wachache. La pili: petroli. Z3 hufuata mpangilio ulioandika malengo, usipoiambia vingine.

Fundi_Kasarani: Nimeijaribu sasa hivi. Imetoa watu 7. Nakutana na mteja kesho saa tatu asubuhi.